Bei ya Mwanafunzi

Meshack aliingia kwenye kibanda cha Pankras akiwa amekumbatia kompyuta yake kwa mikono miwili, kama mama anayempeleka zahanati mtoto mwenye homa. Akaiweka mezani, akaifungua, halafu akasogea pembeni ili mwenye ujuzi apite.

"Kaka Pankras, hebu itazame. Tangu jana inaniuliza swali."

Kwenye skrini kulikuwa na maneno machache, ya adabu kabisa. Programu ya kuchorea ramani za nyumba ilimkumbusha Meshack kuwa aliipata kwa bei ya mwanafunzi, na sasa ilitaka kujua kama bado ni mwanafunzi. Chini yake kulikuwa na kitufe cha Ndiyo na kitufe cha Hapana. Meshack alikuwa amehitimu chuo mwezi uliopita, na picha yake akiwa na joho ilikuwa bado inazunguka kwenye simu za shangazi zake. Hakujua abonyeze wapi.

"Mtu akishahitimu," aliuliza, "ile leseni ya mwanafunzi inaendelea, au ndiyo basi?"

Pankras hakujua. Jambo hilo halikuwahi kumzuia kujibu swali lolote.

"Inategemea," alisema.

Neno hilo ndilo lililokuwa mtaji wake. Tangu afungue kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua pale Mbinga mjini, ubavuni mwa duka la vitenge la Bi Rukia, hajawahi kumjibu mteja ndiyo wala hapana kabla hajajua mteja huyo ana kitu gani mfukoni.

"Inategemea nini, kaka?"

"Inategemea kama umehitimu kweli."

"Nimehitimu. Mama alichinja mbuzi."

"Mbuzi si ushahidi kwa kampuni ya ng'ambo." Pankras akavuta kiti, akaketi kwa uzito wa daktari mwenye habari mbaya. "Ukibonyeza Hapana, programu inafungwa, na bei ya mtu mzima ni ng'ombe wawili. Ukibonyeza Ndiyo, wanataka uthibitishe kwa barua pepe yako ya chuo, na chuo kimeshaifunga. Kweli au uongo?"

"Kweli. Waliifunga wiki ile ile."

"Unaona? Wewe huna makosa mengi, Meshack. Una kosa moja tu. Umehitimu."

Pankras Kapinga mwenyewe hakuwa amefanya kosa hilo. Alikwenda chuo kimoja huko Mbeya kusomea mambo ya kompyuta, akapita mitihani yote bila taabu, akabakiza mradi wa vitendo peke yake. Wenzake waliufanya wakamaliza. Yeye alirudi Mbinga kuutafuta, na tangu hapo, mvua zikija na kwenda, alikuwa "anamalizia". Kila mwaka alijisajili upya chuoni, na kila mwaka chuo kilimwandika kuwa mwanafunzi anayeendelea.

Msomaji asije akadhani huo ni uvivu. Ilikuwa ajira. Mwanafunzi hana mshahara, kwa hiyo Bi Rukia alimpangisha kibanda kwa nusu ya kodi. Mwanafunzi hachangii harusi za ukoo. Anatajwa tu kwenye kikao kuwa yuko masomoni, na wazee wanatikisa vichwa kwa heshima. Wadogo zake walihitaji ada, paa la nyumbani Litembo lilihitaji bati, lakini nani atamdai mtu ambaye hajamaliza shule? Mama yake, Mama Eunice, ndiye aliyeuza kahawa kila msimu na kumtumia sehemu ya malipo, kwa ajili ya masomo. Pankras alizipokea fedha hizo kwa uchungu fulani, halafu uchungu ukaisha kabla ya jioni.

Na sasa, akikitazama kile kitufe cha Ndiyo, aliona jambo ambalo hajawahi kuliona. Barua pepe yake ya chuo ilikuwa hai. Akaunti yake ya programu ilikuwa hai, tena iliruhusu mwanafunzi kuwaunganisha wenzake wa darasani katika kikundi kimoja cha kujisomea. Nje ya kibanda, Mbinga nzima ilikuwa imejaa watu waliofanya kosa la kuhitimu, na wengine waliofanya kosa baya zaidi la kutosoma kabisa.

"Meshack," alisema taratibu, "ungependa kurudi shule?"

*

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chuo cha Elimu Isiyokoma. Hakikuwa na madarasa, walimu wala kengele. Kilikuwa na bango dogo alilolichapa Pankras mwenyewe, na kanuni moja: hapa hakuna anayehitimu. Vyuo vingine hujisifu kwa wahitimu wake. Hiki kilijisifu kwa kutokuwa nao.

Meshack alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Wa pili ndiye aliyekifanya chuo kiwe chuo.

Mzee Dunstan alikuwa fundi mkuu wa nyumba, mwenye wajukuu na kitambi cha kuheshimika, na wakati huo alikuwa anajenga nyumba ya wageni kule Mbamba Bay, kando ya ziwa, kwa ajili ya tajiri mmoja. Ramani alichora kwa penseli na rula, lakini tajiri alitaka ramani ya kwenye kompyuta, yenye rangi na miti pembeni. Mzee Dunstan aliuliza bei ya programu, akaambiwa, akaomba maji ya kunywa. Ndipo mtu alipomnong'oneza jina la Pankras.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia una dawa ya bei."

"Nina chuo, mzee wangu. Bei inashuka yenyewe."

Mzee Dunstan alisoma bango lote, akiwa ameshika miwani kwa mkono badala ya kuivaa. "Mimi nina wajukuu."

"Wajukuu hawamzuii mtu kusoma."

"Na ni halali?"

"Mzee, hiyo ni bei ya mwanafunzi. Wewe ni mwanafunzi au si mwanafunzi?"

"Nikilipa je?"

"Ukilipa ni mwanafunzi."

"Basi ni halali," alisema Mzee Dunstan, dhamiri ikiwa imetulia. Yule tajiri wa ziwani angetozwa ramani kwa bei ya mtu mzima. Hilo halikuhitaji kujadiliwa na mtu. "Na nitahitimu lini?"

"Hutahitimu. Ukihitimu, leseni inakufa."

"Safi sana."

Hapo Pankras alifikiri biashara imekwisha. Alimwunganisha mzee kwenye kikundi chake cha kujisomea, akapokea ada, akasimama ili amsindikize mlangoni. Mzee Dunstan hakunyanyuka.

"Haya," alisema. "Nifundishe."

"Nikufundishe nini, mzee?"

"Nimelipa ada. Mimi sijawahi kulipia kitu nikakiacha dukani."

Kwa mara ya kwanza tangu aache kuhudhuria vipindi, Pankras alilazimika kusoma. Alitazama video za mafunzo hadi macho yakamwasha, akajifunza ukuta unavyosimamishwa kwenye kompyuta, mlango unavyotobolewa, ngazi inavyopandishwa bila kutokea dirishani. Kila Jumamosi mchana aliyafundisha hayo uani nyuma ya kibanda, kwanza kwa Mzee Dunstan, kisha kwa mafundi wengine aliowaleta mzee, kisha kwa seremala wa Mkumbi aliyekuja na meza yake mwenyewe. Wote walilipa ada na wote walitaka kufundishwa. Hakuna aliyekosa kipindi. Pankras aliyaita yote hayo gharama za uendeshaji, akavumilia.

Aliyesikiliza vipindi vyote bila kulipa ni Bi Rukia. Ukuta ulikuwa wa mbao. Bi Rukia alikuwa mtu mzima, kwao asili ni Kilwa, na mjini Mbinga hakuna shughuli iliyofanyika bila yeye. Harusi, kipaimara, mahafali, jubilei ya mtawa: sare zilitoka dukani kwake, viti vilikuwa vyake, na hata majoho alikodisha. Namba za simu za akina mama wa wilaya nzima alikuwa nazo, maana mama ndiye anayechagua kitenge.

Jumamosi moja alichungulia uani.

"Pankras mwanangu, hivi wewe utamaliza lini shule?"

"Bado mradi tu, Bi Rukia."

"Mradi gani huo usioisha?"

"Ah, ni mgumu. Unatakiwa uanzishe kitu cha kompyuta kinachowasaidia watu, kisha uwafundishe mpaka waweze kukitumia wenyewe."

"Na watu hujawapata?"

"Natafuta, Bi Rukia. Watu ni shida."

Nyuma yake Mzee Dunstan alikuwa anamalizia ngazi ya ghorofa, na seremala wa Mkumbi alikuwa anamkosoa. Bi Rukia alimtazama Mzee Dunstan, akamtazama seremala, akamtazama Pankras.

"Mwalimu wako wa huko Mbeya anaitwa nani vile?"

"Mwalimu Zabron. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema Bi Rukia, akarudi kwenye vitenge vyake.

*

Aliyekiharibu chuo ni Mama Tadea, mke wa Mzee Dunstan, na alikiharibu kwa upendo.

Huku kwetu mtu hasomi kimyakimya. Ukoo ukishajua kuwa fulani yuko shule, unaanza kuingoja siku yake, na siku hiyo ikifika watu wanachangishana, mbuzi anachinjwa, pombe ya komoni inapikwa. Anayechangiwa leo amechangia wenzake miaka yote. Mama Tadea alikuwa amechangia mahafali ya watoto wa majirani, ya wapwa, ya mtoto wa fundi cherehani wa Tingi ambaye hakuwa hata na undugu naye. Mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kufika chuo. Sasa, ghafla, alikuwa na msomi ndani ya nyumba, tena analala naye kitanda kimoja.

"Mkuu wa Chuo," alimwambia Pankras, akiwa ameandamana na wake wa mafundi wengine. "Mume wangu atahitimu lini?"

"Mama, chuo chetu hakina mahafali."

"Chuo gani hakina mahafali?"

"Ni utaratibu mpya wa elimu."

"Mimi nimechanga kwa watu, Mkuu. Nimechanga mpaka nimechoka. Wananiuliza siku yangu ni lini." "Au hakuna chuo hapa?"

Wale wanawake wengine walitazama bango, wakatazama kopi iliyokuwa inatoka kwenye mashine, wakamtazama Pankras. Ilikuwa hatari halisi. Wanafunzi wakihitimu leseni zinakufa; wasipohitimu wake zao watauliza maswali, na mke akianza kuuliza swali Mbinga, jibu linapatikana mpaka Litembo.

Ndipo Pankras alipolifikiria kapu. Kwenye mahafali kuna kapu la michango mbele ya meza kuu, na watu hulijia wakicheza. Wasomi wake wote walikuwa watu wenye ukoo mpana na deni kubwa la kuchangiwa. Kapu hilo lingekuwa na uzito ambao chuo kizima hakijawahi kuuingiza. Tena kama mahafali yangefanyika Mbamba Bay, kwenye ile nyumba ya wageni ya Mzee Dunstan, boti za kwenda upande wa Malawi zilikuwa hapo hapo ufukweni. Mtu akichukua kapu akapanda boti, anahitimu mambo mengi kwa wakati mmoja.

"Mama Tadea," alisema, "umenigusa. Tutafanya Mahafali ya Kuendelea."

"Ndiyo yapi hayo?"

"Mwanafunzi anahitimu kutoka kuendelea, anaingia kuendelea zaidi."

Mama Tadea alifikiri. "Na mbuzi yupo?"

"Mbuzi yupo."

Wakapiga vigelegele palepale kwenye mlango wa kibanda.

Kamati iliundwa, na mweka hazina akawa Bi Rukia, kwa kuwa mkono wake ulijulikana kuwa haufunguki ovyo. Pankras alihudhuria kikao kimoja tu, kuweka sawa jambo moja.

"Desturi ni kwamba kapu anakabidhiwa mzazi wa mhitimu, aliyemlipia ada," alisema, kana kwamba ni wazo dogo lililompitia. "Sasa wahitimu wetu ni watu wazima. Wazazi wao wametangulia mbele ya haki. Nani atasimama mahali pa mzazi?"

"Mkuu wa Chuo," alijibu Mzee Dunstan, bila hila.

"Mimi siwezi kujipendekeza," alisema Pankras, akiinamisha kichwa.

"Tuandike hivi," alisema Bi Rukia. "Kapu anapewa mzazi wa mhitimu aliyepo ukumbini. Asipokuwepo mzazi hata mmoja, anapewa Mkuu wa Chuo. Sawa, Mkuu?"

"Sawa kabisa. Na litangazwe mapema, watu wasije wakagombana."

"Litatangazwa," alisema Bi Rukia. "Na mgeni rasmi niachieni mimi."

*

Siku yenyewe ziwa lilikuwa limetulia na jua lilikuwa la wastani. Nyumba ya wageni ilikuwa haina madirisha bado, lakini ukumbi wake ulipambwa kwa vitenge kiasi kwamba hukuona saruji. Wanaume walicheza mganda, wakipiga hatua na kugeuka pamoja. Akina mama wa ziwani wakaingia na ngoma yao ya kioda, na harufu ya samaki mbasa wa kuchoma ikawapitia wote bila ubaguzi. Wahitimu walikaa mbele na majoho ya kukodi. Joho la Mzee Dunstan halikufunga tumboni, akaliacha wazi kwa fahari.

Pankras alikuwa meza kuu. Begi lake lilikuwa tayari kwenye boti, na mwenye boti, Kombo, alikuwa ameambiwa awashe injini akiona Mkuu anashuka ufukweni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza hesabu zote na kukuta zimelingana.

Ndipo gari dogo liliposimama, na mgeni rasmi akashuka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi, mwenye mkoba wa ngozi, na Pankras alimtambua kwa namna alivyopangusa viatu kabla ya kuingia. Mwalimu Zabron alikuwa akipangusa viatu hivyo hivyo mlangoni mwa darasa.

"Bi Rukia," alinong'ona Pankras, "huyu umemtoa wapi?"

"Mbeya," alisema Bi Rukia. "Si umesema anaitwa Zabron?"

Hapo hapo lilifika lori dogo. Lilikuwa limejaa akina mama wa Litembo, wote sare moja, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, wakiimba kwa Kimatengo. Mbele kabisa, akishikiliwa mkono ili ashuke, alikuwa Mama Eunice. Alikuwa amevaa viatu vipya vilivyombana, na alikuwa analia tayari.

Moyo wa Pankras ulishuka mpaka kwenye soksi. Alitazama boti, akatazama mlango. Mlango ulikuwa umejaa mama yake.

Meshack, aliyekuwa mshereheshaji, alimkaribisha mgeni rasmi. Mwalimu Zabron alivaa miwani, akaisifu Mbamba Bay, akawasifu wapishi, kisha akageuka na kumtazama Pankras kwa upole wa kutisha.

"Nimekuwa mwalimu muda mrefu," alisema. "Kuna wanafunzi wanaofanya mradi wa vitendo kwa wiki mbili ili wapate alama tu. Wanachukua picha, wanaondoka. Huyu hapa alikaa kimya. Tukadhani ameacha. Kumbe yuko uani nyuma ya kibanda, anawafundisha wazee wetu kuchora nyumba kwa kompyuta, Jumamosi hadi Jumamosi, bila kujitangaza. Mama huyu mwenye vitenge alinitumia video. Nilizipeleka kwenye kikao cha matokeo. Wenzangu walizitazama zote, na ile ya ngazi ya Mzee Dunstan wakaiomba tena."

Watu walicheka. Mzee Dunstan alisimama akainama, akakaa.

"Nina furaha kutangaza kuwa mradi umepita, tena kwa alama za juu. Kuanzia leo asubuhi, hata kwenye mtandao wa chuo, Pankras Kapinga ameandikwa kuwa amehitimu."

Vigelegele vilipasua paa ambalo halijaezekwa. Akina mama wa Litembo waliingia katikati wakicheza. Mtu alimvika Pankras joho; lilimtosha barabara, maana Bi Rukia alichukua vipimo vyake kwa macho kupitia mbao za ukuta. Pankras alisimama ndani ya joho hilo akijaribu kutabasamu, na kila aliyempa mkono alimwona kijana mnyenyekevu aliyelemewa na furaha.

"Na sasa," alisema Meshack kwenye kipaza sauti, "tuone kazi yenyewe! Mzee Dunstan, tuwashie!"

Kompyuta ya mzee ilikuwa imeunganishwa na televisheni kubwa. Mzee Dunstan alifungua programu ili kumwonyesha mgeni rasmi nyumba hii hii walimokaa, ikiwa na madirisha. Skrini ilifikiri kidogo. Kisha yakatokea maneno makubwa:

*Hongera kwa kuhitimu! Leseni yako ya mwanafunzi, pamoja na kikundi chako cha kujisomea, imefikia mwisho.*

Waliosoma neno la kwanza walipiga makofi. Makofi yakaenea kwa wasiojua kusoma, yakawa shangwe. Mama Tadea alisema hata mashine za Wazungu zina adabu. Mzee Dunstan peke yake ndiye aliyeendelea kubonyeza.

"Pankras mwanangu. Inasema hongera, lakini haifunguki."

Mafundi wengine walitoa kompyuta zao kwenye mikoba, wakazifungua mapajani. Zote ziliwapongeza. Hakuna iliyofunguka.

"Kumbe sisi sote," alisema seremala wa Mkumbi polepole, "tulikuwa tunaning'inia kwenye msumari mmoja?"

Meshack alisogea karibu na televisheni. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo, na yeye, kwa bahati mbaya ya Pankras, alikuwa na macho mazuri. "Hapa wanasema mwenye akaunti, kwa kuwa amehitimu, anauziwa leseni kamili kwa nusu bei. Ni zawadi kwa wahitimu wapya, ndani ya mwaka mmoja." Akageuka. "Kaka Pankras. Ina maana siku ile ningebonyeza Hapana, ningepewa nusu bei?"

Wahitimu wote waligeuza majoho yao kumtazama Mkuu wa Chuo.

"Inategemea," alisema Pankras.

Bi Rukia hakusubiri wajue inategemea nini. Alishachukua kipaza sauti. "Kamati imefika kwenye kapu! Kama ilivyotangazwa, na kama Mkuu mwenyewe alivyosisitiza, kapu anapewa mzazi wa mhitimu aliyepo ukumbini. Mzazi yupo?"

Ukumbi mzima ulijua jibu. Mama Eunice alisukumwa mbele kwa nyimbo. Kapu lilikuwa zito hata akasaidiwa kulishika. Kule ufukweni Kombo aliona kapu limeinuka, akawasha injini, akangoja, akaona hakuna anayekuja, akaizima na kupanda kuja kula.

Mama Eunice alilikabidhi kapu kwa wenzake wa Litembo, akamkumbatia mwanawe. Alinukia moshi wa kuni na sabuni mpya. Watu waliona mama anamnong'oneza mwanawe baraka, wakapunguza nyimbo kwa heshima.

"Nilijua," alisema Mama Eunice sikioni mwake.

"Mama?"

"Tangu msimu ule wa baridi kali nilijua husomi. Nilikuja Mbinga kuuza kahawa, nikakuona umekaa kibandani unacheka. Nikarudi Litembo na gari lile lile."

"Mbona uliendelea kutuma?"

"Ningesema nini? Kwamba mwanangu ni mwongo? Nikasema bado anasoma. Na mimi nikawa mwongo, nalima mashimo ya ngoro mlimani na mgongo huu, nawadanganya watu na kanisa." Alimshika uso kwa mikono yake migumu. "Leo umenitoa kwenye uongo, Pankras. Hata kama hukutaka."

Pankras alikuwa na maneno ya kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, lakini hapo hakupata hata moja. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Akina mama wa Litembo walipoona hivyo walizidisha kuimba.

"Usilie," alisema mama yake, sasa kwa sauti ya wote kusikia, akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Umeshamaliza. Kapu hili ni bati la nyumba. Ada ya wadogo zako kuanzia muhula ujao ni yako."

*

Mzee Dunstan hakumshitaki mtu. Kwenda polisi kungemlazimu aeleze yeye alikuwa mwanafunzi wa nini. Alikuja tu kibandani Jumatatu, akakaa kwenye kiti kile kile, akasema kuwa kwa kuwa mafundi hawawezi kuuziwa leseni ya nusu bei lakini Pankras anaweza, basi Pankras ataichukua, na Pankras atachora ramani zake zote mpaka wakubaliane kuwa deni la ada limekwisha. Mshahara upo, mdogo. Seremala wa Mkumbi na wengine waliweka majina yao kwenye foleni nyuma yake.

Bi Rukia aliingia baadaye kueleza kodi. Ile ya mwanafunzi ilikuwa imekufa na leseni. Alieleza kwa upole, akamletea na kipande cha mbasa kilichobaki, na hakutaja ni vitenge vingapi vya bluu vyenye maua ya njano vilitoka dukani kwake wiki ile.

Siku hizi ukipita pale Mbinga utamkuta Pankras ameinamia kompyuta tangu asubuhi, anachora nyumba za watu. Ukoo unamwita kwenye vikao na anachangia. Wadogo zake wanamtumia ujumbe kila mwanzo wa muhula, ujumbe mfupi, wenye heshima.

Ndivyo alivyokuwa wakati Jacqueline alipoingia, msichana wa kule Litembo, amekumbatia kompyuta kwa mikono miwili.

"Kaka Pankras, shikamoo. Nimehitimu juzi. Hii programu nilipata kwa bei ya mwanafunzi, sasa inaniuliza. Mtu akishahitimu, ile leseni inaendelea?"

Pankras aliacha kuchora. Alimtazama yule binti kwa huruma ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mteja.

"Nyumbani wanajua kuwa umehitimu?"

"Bado. Nilitaka niwashtukize."

Pankras alitazama ukuta wa mbao, akasogeza kiti karibu, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Usimwambie mtu."

Upande wa pili wa ukuta, simu ilikuwa imeshapokelewa.

"Mama Jacqueline? Rukia hapa, wa vitenge. Hongera sana, mama yangu. Sasa niambie, tuchukue rangi gani?"